Ushauri: mbwa wa shamba aliyezoea kupigwa, nimwanzie wapi?

Mkulima_Newala:
Habari zenu wakuu. Nina shamba la mikorosho na mihogo huku Newala, nguruwe pori na nyani wananimaliza. Nimepewa mbwa dume, bado kijana, na mtu aliyehama. Alikotoka alikuwa anashinda kwenye mnyororo na kuchapwa. Sasa hata nikiinua jembe tu, anafyata mkia na kujikunja. Nikimwita haji, nikimfuata anakimbia, chakula anakula nikishaondoka. Natamani awe anaitika kabla ya Oktoba, maana korosho zikianza kudondoka tunalala shambani. Jirani ananiambia nimshindishe njaa mpaka anyooke. Moyo umekataa. Jingine, mimi ni Muislamu, suala la mate yake nalo linanipa shida. Nianzie wapi?

Babu_Nachingwea:
Mkuu, usimshindishe njaa. Atafuata chakula, wewe ataendelea kukuogopa.

Kwa sasa acha kumwita kabisa. Mwekee chakula, kisha kaa chini mbali kidogo, umpe ubavu, usimkazie macho. Kwa mbwa, mtu anayemkodolea macho huku amemsimamia ni mtu wa shari. Fanya shughuli zako, menya mihogo, ongea taratibu. Akila ukiwepo, kesho sogea kidogo. Ukiona analamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo, au anageuza uso pembeni, hapo umemsogelea kupita kiasi. Rudi nyuma. Siku atakayokuja mwenyewe kukunusa, usimshike. Mwache anuse aondoke. Najua mkono utawasha, lakini vumilia!

Kijana_Tandahimba:
Mbwa bila fimbo hafundishiki. Sisi tumewakuza hivyo na wanalinda vizuri.

Babu_Nachingwea:
Mwanangu, huyu fimbo ameshaila ya kutosha, na matokeo yake ndiyo haya anayotueleza mwenzetu. Halafu mbwa anayechapwa kila akinguruma hujifunza kunyamaza, hasira inabaki palepale. Siku moja anauma bila kutoa onyo, na anayeumwa mara nyingi ni mtoto.

Mama_Mikindani:
Kaka, kwenye mate usihangaike. Mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa, na Qur'an, sura Al-Maida aya ya 4, inawataja kabisa wanyama waliofundishwa kuwinda. Sisi hapa tunafuata madhehebu ya Shafii: mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hakuna najisi inayohama. Kwa hiyo chakula mtupie, au kiweke kwenye kifuu chake peke yake, na uwe na nguo ya shamba. Wangu nilimfundisha kwa vipande vya dagaa wa kuchemsha, bila kumlisha mkononi hata mara moja.

Akishazoea, chagua neno moja la kumwita na nyumba nzima mtumie hilohilo. Akigeuka tu kukutazama, dagaa itue mbele yake papo hapo. Ukichelewa hajui analipwa kwa lipi. Na tafadhali sana, usimwite ukamfunga mnyororo au ukamkaripia, hata kama ametafuna kandambili zako. Ukitaka kumfunga, mfuate wewe.

Afisa_Mifugo_Lindi:
Naongezea la afya. Muulize aliyekupa kama mbwa ana chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hujui, achanjwe, kisha kila mwaka. Mikoa yetu hii miwili, Lindi na Mtwara, ilikuwa kwenye mradi mkubwa wa chanjo ya mbwa ulioanza 2010, kwa hiyo wazee wengi huko vijijini wanaujua utaratibu. Siku ya sindano, anayemshika awe mtu mwingine, wewe uwe mwenye dagaa. Akikuuma kabla ya hapo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Mkague pia kupe na vidonda shingoni, mnyororo huacha vidonda, na mwenye maumivu hakubali kuguswa.

Mkulima_Newala:
Ahsanteni sana, nimefarijika. Mama Mikindani, nimeshatenga kifuu. Swali la mwisho: nyani nao nimfundishe kuwakimbiza?

Babu_Nachingwea:
Hapana. Dume la nyani lina meno ya kuua mbwa, na nguruwe pori anachana tumbo. Kazi yake iwe kubweka, wewe utoke na tochi usimame naye. Ukimtuma peke yake akaumizwa, utaanza upya kabisa.