Telekonvata gani inakubali Canon EF 70-300?

Mdiria77:
Wakuu habari zenu. Natumia Canon 700D na lenzi ya EF 70-300mm f/4-5.6 IS USM. Napiga ndege, hasa mdiria, na hata nikivuta mpaka 300 anatoka kama nukta yenye mdomo. Nataka telekonvata ya 2x (kipande cha kufunga kati ya kamera na lenzi, kinachokuza mara mbili) nifike 600mm. Nimeona Extender 2x III ya Canon na nimeona za Kenko. Ipi itakubali lenzi hii? Tripodi nzuri ninayo.

BibiLenzi:
Ya Canon iache kabisa mwanangu. Kioo chake cha mbele kimejitokeza, kinaingia ndani ya lenzi, na lenzi yako haina nafasi hiyo nyuma. Ukilazimisha, vioo vinagongana. Zile zimetengenezewa 70-200 za L (lenzi za daraja la juu za Canon), 300 f/4L, 400 f/5.6L, 100-400L na yale mazinga makubwa. Wala usidanganywe na herufi L: hata 70-300 ya L haimo kwenye orodha ya Canon ya lenzi zinazokubali konvata zake.

Atakuja mtu akwambie uweke ringi ya makro (bomba tupu lisilo na kioo) katikati. Itaingia, kweli, ila lenzi haitafokasi mbali tena. Labda ndege atue kwenye kofia yako.

Kenko zinaingia kwa sababu nyingi hazina kioo kilichojitokeza. Lakini kuingia si kufanya kazi. Konvata ya 1.4x inakula stopu moja ya mwanga (yaani nusu yake), ya 2x inakula mbili, kwa hiyo 300 f/5.6 yako inakuwa 600 f/11 (namba ya f ikikua, mwanga unapungua). Fokasi otomatiki ya 700D, ukichungulia kwa jicho, mwisho wake ni f/5.6. Utabaki kuzungusha ringi kwa mkono huku umekuza skrini mara 10. Mdiria aliyetulia tawini utamweza. Akishapiga mbizi, basi tena. Na pale ulipopiga 1/1000 ya sekunde kwa ISO 400 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), sasa utahitaji ISO 1600. Tripodi inatuliza kamera, ndege haimtulizi.

Mdiria77:
Shikamoo bibi, asante. Na je, nikitafuta 70-200 f/4L halafu nifunge 1.4x?

BibiLenzi:
Marahaba. Itafanya kazi safi, fokasi inabaki hai maana unaishia f/5.6. Sasa piga hesabu: 200 mara 1.4 ni 280. Leo hii unayo 300 kwa f/5.6 hiyo hiyo! Ununue vitu viwili ili upungukiwe milimita 20?

Tafuta 300mm f/4L IS iliyotumika, ufunge 1.4x. Hapo una 420mm f/5.6, fokasi ipo, kizuia mtikisiko kipo. Tena umbali wa karibu wa kufokasi haubadiliki, mita 1.5 vilevile, kwa hiyo hata kereng'ende anajaa kwenye fremu. Kama ni ndege tu na hutaki vipande vya kufungua na kufunga, 400mm f/5.6L bila konvata. Haina kizuia mtikisiko, lakini umesema tripodi unayo.

KambaFupi:
Niongeze kwa wanaofikiria kuhamia kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless). Fokasi huko si shida, R5 na R6 za Canon zinafokasi mpaka f/22. Ila orodha ya lenzi zinazokubali konvata haijafutwa. Lenzi ya RF (aina ya kamera hizo) 70-200 f/2.8 ya mwaka 2019 haikubali konvata kabisa, na RF 100-500 lazima uivute ifike 300 ndipo konvata iingie. Ukishaifunga hurudi chini ya hapo. Nyati akikusogelea, unapiga jicho lake tu.

Mdiria77:
Nimeelewa. Bibi, hiyo 300 f/4 iliyotumika nikague nini kabla sijatoa hela?

BibiLenzi:
Washa IS (kizuia mtikisiko) usikilize. Ikitoa mlio wa kukwaruza, au picha ikirukaruka kwenye kitundu cha kuchungulia, mrudishie mwenyewe. Kisha mulika tochi kutokea nyuma utafute ukungu, na njoo na konvata yako uifunge hapohapo upige picha kwa f/4 ya lenzi, yaani f/5.6, si kwa f/8 anayopenda muuzaji.