Naomba ushauri: mafuta yaliyokaangiwa yanaweza kuwa dizeli kamili?

Kipepeo_T: Wakuu, habari zenu. Mimi na wenzangu tunakusanya mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika. Tunataka tuyageuze kuwa dizeli ya kumimina tangini moja kwa moja, injini isiguswe. Kuna mtu anatuuzia mtambo wa kuyachanganya na methanoli (aina ya alkoholi), anaapa kinachotoka ni dizeli kabisa. Moyo wangu unasita. Nisaidieni kabla hatujalipa.

FundiPampu: Shikilia hela yako, mkuu. Mtambo huo unatoa bayodizeli, na hiyo ni kitu kingine. Methanoli na kostiki soda zinayavunja mafuta, gliserini inatuama chini, na kinachobaki juu kinawaka vizuri ila kina oksijeni, kama asilimia 11 ya uzito wake. Tabu nyingi zinatokea hapo: inavuta maji, inaharibika ikikaa sana, baridi ikizidi inaganda. Tena inang'oa uchafu wa miaka tangini. Nimefungua filta za namna hiyo, zimejaa tope jeusi hadi kwenye mikunjo. Kiwango cha dizeli cha Ulaya, EN 590, kinaruhusu ichanganywe hadi asilimia 7 tu.

BintiKemia: Fundi amesema kweli. Inayochukua nafasi ya dizeli ya petroli bila masharti ni ile iliyopitishwa kwenye gesi ya haidrojeni: joto la nyuzi 300 hadi 400, shinikizo kubwa, na kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko, kama metali za nikeli na molibdeni. Oksijeni inaondoka, nyingi ikiwa maji na kaboni dayoksaidi, inabaki minyororo ya kaboni na haidrojeni kama iliyomo kwenye dizeli yenyewe. Kampuni ya mafuta ya Neste walianza kuizalisha kiwandani Porvoo, Ufini, mwaka 2007. Mafuta ya ndege ya njia hiyo yaliidhinishwa 2011, yachanganywe na yale ya kawaida hadi nusu kwa nusu. Lakini msijaribu uani, nawasihi. Haidrojeni ikivuja inaweza kulipuka, na moto wake mchana hauonekani.

Kipepeo_T: Asante sana dada. Basi tuachane nayo?

BintiKemia: Msiache! Viwanda hivyo vinagombania malighafi, na mafuta yaliyotumika ni lulu kwao. Chujeni, ondoeni maji, pimeni asidi, tafuteni mnunuzi wa jumla. Asidi pimeni hata mkiamua kutengeneza bayodizeli, maana ikiwa juu, kostiki itawapa sabuni.

FundiPampu: Na mkiitengeneza, anzeni na mchanganyiko mdogo, filta ya akiba iwe garini.

Kipepeo_T: Nimewaelewa. Mtambo hatununui, kesho tunatafuta vipimo vya asidi.