Mdogo wangu kapigwa na mabaunsa wa baa, meneja anataka tuyamalize kwa laki tatu. Tufanyeje?

Dada wa Kwanza

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa kisheria, hasa kwa waliowahi kupitia jambo kama hili.

Ijumaa usiku mdogo wangu alikuwa na wenzake kwenye baa moja huku Sinza, Dar. Muda wa bili ulipofika akalipa kwa simu. Kwake ujumbe wa muamala ukaingia, kwa mhudumu ukachelewa. Akaonyesha ujumbe wake, hakuna aliyetaka kuusoma. Wakaitwa mabaunsa wawili, wakamwambia aache simu kama dhamana. Alipokataa wakamburuta mpaka nyuma karibu na jiko la chipsi, wakamshushia ngumi na mateke. Ujumbe wa mhudumu uliingia yeye akiwa tayari yuko chini.

Jino la mbele limetoka, taya limevimba, hawezi kutafuna, anakunywa uji kwa mrija. Tulimkimbiza hospitali usiku uleule. Jana meneja kapiga simu: twende baa atupe laki tatu na tusaini karatasi kwamba yameisha. Anasema mabaunsa si wafanyakazi wake, ni wa kampuni ya ulinzi. Mama anaogopa mambo ya mahakamani, anataka tuchukue. Mimi roho inakataa. Polisi bado hatujaenda. Je, tumechelewa? Na wa kushtakiwa ni nani, baunsa au baa?

Koplo Mstaafu

Pole sana binti yangu, na mpe pole mgonjwa. Hamjachelewa, lakini msilaze tena. Nendeni kituo cha polisi cha eneo la tukio, mgonjwa mwenyewe aende kama anaweza kusimama. Mtaeleza, tukio litaandikwa, mtapewa namba ya RB (ya kumbukumbu ya taarifa yenu), na mwombe PF3, fomu ya polisi ya kujazwa na daktari. Mlifanya vyema kutanguliza matibabu, maana fomu hiyo inaweza kujazwa na daktari aliyempokea akitumia kumbukumbu za hospitali. Hakikisheni anaandika kila jeraha: jino lipi, taya limevunjika au limevimba tu, alama za mgongoni. PF3 iliyoandikwa "maumivu ya mwili" kwa mstari mmoja imeua kesi nyingi nilizoziona.

Mkifunguliwa jalada, chukueni jina na namba ya mpelelezi. Akizungusha, mwoneni mkuu wa kituo. Mtu akiwaomba hela ya mafuta au ya karatasi, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapokea simu kwa 113 bila malipo.

Mtu wa Kamera

Nafunga kamera za ulinzi, nyingi ziko kwenye baa. Rekoda ikijaa inafuta za zamani na kuandika juu yake. Inategemea ukubwa wa diski na idadi ya kamera. Zingine hazimalizi hata wiki mbili. Mwambieni mpelelezi siku ileile ya kwanza kwamba kuna kamera, aende akachukue rekoda. Ninyi msiende kuiomba, mtawashtua. Kama kuna mwenzake alirekodi kwa simu, asiikate wala kuiwekea muziki, na asiirushe mitandaoni. Aihifadhi kwenye simu iliyorekodia.

Msomi wa Kisutu

Dada, pole. Hapa una njia mbili na zote zinaweza kwenda.

Ya kwanza ni jinai, Jamhuri dhidi ya mabaunsa. Kwa namba za toleo la 2022 la Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, shambulio la kusababisha madhara mwilini ni kifungu cha 241, kifungo hadi miaka 5. Daktari akionyesha madhara makubwa au ya kudumu, mwendesha mashtaka anaweza kupanda hadi kifungu cha 225, hadi miaka 7. Akitiwa hatiani, mahakama inaweza pia kuamuru alipe fidia.

Ya pili ni madai, na hapa ndipo baa inapoingia. Sheria inambana mwajiri kwa kosa la mfanyakazi alilolifanya akiwa kazini. Baunsa kaitwa na mhudumu kudai bili ya baa, sasa hiyo si kazi ya baa ni ya nani? Hilo la kampuni ya ulinzi lisikutishe: unawashtaki wote, baa, kampuni na mabaunsa, wakabebeshane lawama mbele ya hakimu. Jina halisi la mmiliki liko kwenye leseni ya biashara, na usajili unatafutwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Madai ya namna hii hayaendi Mahakama ya Mwanzo, yanaenda ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Una miaka 3 tangu siku ya tukio. Notisi ya siku 90 unayoisikia ni ya kuishtaki Serikali, haikuhusu.

Tunzeni risiti zote, hata ya bajaji ya kwenda hospitali. Gharama halisi lazima zithibitishwe moja moja, bila risiti mahakama inazikata. Na ule ujumbe wa muamala ni dhahabu, una saa na dakika.

Kaka Mtulivu

Mimi natofautiana kidogo. Kesi zinachosha, mashahidi wanahama, tarehe zinaahirishwa. Jirani yetu alifuatilia mpaka akakata tamaa. Ongezeni dau, chukueni, mtibuni kijana.

Dada wa Kwanza

Kaka, nakuelewa. Lakini jino la bandia pekee tumeambiwa linaweza kula hiyo laki tatu yote, na taya bado halijapigwa picha ya pili. Na wale mabaunsa Ijumaa ijayo watakuwa mlangoni palepale.

Msomi wa Kisutu

Kupatana si dhambi, ila si leo na si baa. Subirini ripoti kamili ya daktari mjue hasara ni kiasi gani. Mkikaa mezani, iwe kwa wakili, na maandishi yaseme wazi malipo ni ya nini. Karatasi ya "yameisha" ndiyo atakayoileta mahakamani mkidai baadaye. Kama wakili ni ghali, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada wa bure. Anzieni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au Chama cha Mawakili Tanganyika.

Koplo Mstaafu

Na meneja akipiga tena, mwambie akutumie kwa ujumbe wa maandishi. Usimtukane, usimtishie. Ujumbe huo mpe mpelelezi.

Dada wa Kwanza

Asanteni sana wote. Tumetoka kituoni sasa hivi, RB tunayo, PF3 tunaipeleka kwa daktari kesho asubuhi. Mpelelezi nimemwambia habari ya kamera kabla ya kitu kingine. Mama kakubali tusiende baa. Swali moja: yule muuza chipsi aliona kila kitu lakini anaogopa kufukuzwa. Nimfanyeje?

Koplo Mstaafu

Usimshike mkono kumvuta. Mpe mpelelezi jina lake amwite yeye. Akiitwa na polisi, kwa bosi wake atakuwa na la kujibu.