Naomba ushauri: mchezo wa krauni na pinioni, difu ya Ford Model T

Habari zenu wakuu. Nimefungua difu (gia za ekseli ya nyuma) ya Ford Model T ya 1924. Washa za babiti (aloi laini), zinazozuia difu isisogee kando, zilishameguka, unga wa kijivu umetapakaa kwenye grisi, kwa hiyo naweka za bronzi.

Kinachonikwamisha ni krauni, ile gia kubwa ya duara. Nikipima mchezo wake (nafasi kati ya meno) na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, kwa geji ya mshale, sehemu moja napata milimita 0.15, nikiizungusha nusu duara inafika 0.35. Nimesafisha kikalio chake (sehemu inapofungwa), nikakaza boliti upya kwa kupishanisha. Vipimo ni vilevile. Meno bado mazima kabisa, sitaki kuyaua kwa kubahatisha.

Nitatambuaje kama iliyopinda ni krauni au kikalio? Na hizo washa za bronzi niziachie nafasi kiasi gani?

Natanguliza shukrani.