Mlioishi Yemen, tupeane uzoefu: hongo, makachero na Al-Qaeda mlivyoviona kwa macho yenu

Mshihiri wa Kibokoni (mwenye uzi)

Assalaam alaykum jamaa zangu. Kila Yemen inapotajwa kwenye habari inatajwa kwa makombora na njaa, kana kwamba nchi ile iliharibika kwa usiku mmoja. Sisi tulioishi kule tunajua ililiwa taratibu, kama mchwa wanavyokula boriti. Mliofanya kazi, mliosoma, mliooa, mliopitisha mizigo bandarini, njooni mueleze yaliyowapata.

Naanza mimi. Babu mzaa baba alitoka kwa jahazi Shihr, mji wa pwani ya Hadhramaut, mkoa wa mashariki ya Yemen, akauza kahawa mitaa ya Mombasa, ndiyo asili ya sisi kuitwa Washihiri. Mwaka 2007 mimi nikaishika njia ile ile kinyume. Ami yangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mukalla, mji mkuu wa Hadhramaut, akaniita nikamsaidie.

Wiki ya kwanza tu nikafundishwa neno: haqq al-qat. Haki ya mairungi. Unakwenda ofisini kutafuta muhuri, karani anaipokea karatasi yako, anaikunja mara mbili, anaiweka chini ya gilasi ya chai. Hasemi neno. Wewe ujue mwenyewe kwamba adhuhuri inakaribia na mtu anataka mairungi yake shavuni. Ukitoa, gilasi inanyanyuliwa. Usipotoa, karatasi inalala pale mpaka chai iuchore duara. Ninayo mpaka leo leseni ya biashara yenye duara la chai. Wazee wa Mukalla walikuwa wakiliona neno lile kama tusi, maana kabla ya muungano wa 1990, wakati kusini ni nchi mbali, mairungi yalipigwa marufuku kabisa Hadhramaut. Wakisema yaliingia pamoja na askari wa kaskazini.

Lakini yule karani hakuwa tatizo. Mshahara wake haumfikishi hata katikati ya mwezi. Tatizo nililiona kwa afisa mmoja wa jeshi aliyekuwa akichukua saruji kwetu kwa ajili ya kambi. Anabeba mifuko 100, anataka risiti ya 400. Ami alikuwa akiandika huku mkono unamtetemeka, kwa sababu ukikataa duka linafungwa kesho yake. Na dereva wa afisa yule, kijana wa Ibb, aliniambia kikosi chao kina majina mengi kuliko watu. Kama kwetu tunavyosema watumishi hewa, kule walikuwa askari hewa: mshahara unatoka, posho ya chakula inatoka, mtu hayupo.

Tarehe 2 Aprili 2015 Al-Qaeda waliingia Mukalla. Mji mkuu wa mkoa, wenye bandari na kambi za jeshi, ulianguka karibu bila vita. Asubuhi nilipita kwenye lango la kambi moja, liko wazi, pembeni pana kiatu kimoja cha askari na sufuria ya maharage bado imo jikoni. Ukuta wa mchanga ulikuwa umejengwa nusu. Pale ndipo nikajua ile mifuko 300 ilikwenda wapi.

Walivunja jela wakawatoa watu wao, wakaingia tawi la benki kuu wakasomba fedha. Halafu wakajiita Wana wa Hadhramaut, wakaacha baraza la wenyeji liendeshe mji. Na nitasema jambo linaloniuma: miezi ya mwanzo kuna majirani waliofurahi. Mtu alikuwa anapeleka shauri la kiwanja lililokaa miaka tisa, linaamuliwa kwa siku mbili bila kutoa hata riali. Baadaye yakaanza kubomolewa makaburi ya mawalii na watu wakaanza kuogopa kusema. Mimi niliondoka Juni kwa njia ya Shahn, mpakani na Oman.

Maalim wa Tanga

Waalaykumu salaam. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa dini Tarim, bondeni Hadhramaut, 2009 hadi 2013. Mji wenyewe una amani usiyoweza kuieleza, asubuhi unasikia darsa tu na punda wa kubeba majani. Shida ilianza ukitoka nje ya mji. Kila kizuizi barabarani sisi weusi tunateremshwa, pasipoti inazungushwa mikononi mwa askari wanne.

Mwenzetu mmoja alipiga picha ya bonde kwa simu, kumbe nyuma yake pana mnara wa jeshi. Makachero wakamchukua usiku. Siku kumi na moja hatujui yuko wapi. Tulipompata, anayemlinda akatwambia waziwazi bei yake, kwa dola. Tulichangishana wanafunzi wa Kenya, Tanzania na Komoro, tukauza majiko yetu ya gesi. Alipotoka hakuwa akikaa tena na mgongo kuelekea mlangoni. Mpaka leo, kwake Tanga, hukaa akitazama mlango.

Sasa linganisheni. Februari 2006 wafungwa 23 wa Al-Qaeda walichimba shimo kutoka jela ya Usalama wa Siasa, yaani ya makachero wenyewe, mjini Sanaa, wakatokea msikitini wakaenda zao. Shimo zima, na hakuna aliyesikia! Mmoja wao ni Nasir al-Wuhayshi, ambaye Januari 2009 ndiye aliyetangazwa kiongozi wa Al-Qaeda ya Bara Arabu. Watu wa kule walikuwa wakisema kwa sauti ya chini kwamba Rais Ali Abdullah Saleh hawezi kuwamaliza magaidi, kwa sababu wakiisha na msaada wa Marekani unakwisha. Aliyajua mahesabu hayo. Yeye mwenyewe alifananisha kuitawala Yemen na kucheza ngoma juu ya vichwa vya nyoka. Alicheza tangu 1978 hadi 2012, na Desemba 2017 Wahouthi, waasi wa kaskazini waliokuwa washirika wake, wakamuua.

Binti Aden

Mimi nimezaliwa Aden, mama Mzanzibari aliyekimbia 1964 akiwa mtoto. Nyumbani Kiswahili, nje Kiarabu, na shuleni tukiitwa muwalladin, machotara. Nashukuru uzi huu umefunguliwa kwa lugha ya mama.

Kwetu habari inaanzia 1994. Kusini ilijaribu kujitenga, ikapigwa, Aden ikaanguka tarehe 7 Julai. Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka watu wakipita wamebeba milango. Si vitu vya ndani, milango yenyewe na fremu zake, imeng'olewa kwenye majengo ya serikali. Baba alikuwa fundi mwandamizi wa mitambo, amesomea Odessa. Mwaka uliofuata akapewa barua akae nyumbani, mshahara nusu. Walikuwa maelfu kwa maelfu, maafisa wa jeshi na wafanyakazi, mpaka wakapewa jina la chama: khallik fil-bayt, chama cha kaa nyumbani. Baba alivaa ovaroli yake kila asubuhi, akakaa barazani mpaka saa nane, akavua. Alifanya hivyo miaka mitatu. Mahali pake aliwekwa jamaa wa mkubwa fulani ambaye, baba alisema, hakujua pampu inawashiwa wapi.

Vijana wa mtaa wetu waliwaona baba zao barazani. Wengi waliingia Hirak, vuguvugu la kudai haki za kusini, mwaka 2007, wakaandamana mikono mitupu wakapigwa risasi. Wawili ninaowajua waliacha maandamano wakaenda mkoa wa Abyan kwa wenye bunduki. Siwatetei. Nawasema kwa sababu nilicheza nao.

Na mnaosema Al-Qaeda na wenzao walileta uadilifu, nisikilizeni. Tarehe 4 Machi 2016 watu wenye silaha waliingia nyumba ya wazee mtaa wa Sheikh Othman, hapo Aden, ile ya masista wa Mama Teresa. Waliua watu 16. Masista wanne: Mkenya mmoja, Wanyarwanda wawili, Mhindi mmoja. Wanawake, watatu wao wa kwetu Afrika, waliokuja kuwaosha wazee wa Kiislamu wasio na mtoto wa kuwaosha. Khalati yangu alikuwa akipeleka sambusa pale kila Ramadhani. Tangu siku ile sambusa hakupika tena.

Nahodha Pemba

Langu fupi. Nilikuwa baharia kwenye jahazi la mbao, tukipakia dizeli pwani ya Mokha usiku kuvusha upande wa Afrika. Serikali ilikuwa ikilipia ruzuku ili maskini apate mafuta rahisi, na mafuta yenyewe yanatoka kwa mapipa kwenda kuuzwa nje. Mnafikiri tulikuwa tukijificha? Askari wa ufukweni ndio waliotumulikia tochi tusikanyage mawe. Mwenye shehena hatukumwona hata siku moja, tulisikia tu ni mtu wa juu.

Mwishoni mwa Julai 2014 ruzuku ikaondolewa, bei ya dizeli ikapaa, na aliyeumia ni mkulima wa pampu ya maji, si mwenye mapipa. Wahouthi wakaingia Sanaa wakipiga kelele za mafuta na ufisadi, na tarehe 21 Septemba mji ukawa wao.

Mshihiri wa Kibokoni

Binti Aden, dada yangu, umenipiga mahali pake na nakubali. Sikusema walikuwa waadilifu. Nilisema mtu aliyedhulumiwa miaka tisa hakuuliza anayempa haki yake ameipata wapi ile bunduki, na ndivyo walivyoingia. Walipotolewa Aprili 2016 na vikosi vilivyofunzwa na Imarati (Falme za Kiarabu), hao majirani waliofurahi ndio waliotoka kushangilia. Niliambiwa na ami kwa simu.

Maalim, waliobaki hali yao mnaijua. Benki kuu ilihamishwa kutoka Sanaa kwenda Aden Septemba 2016, na tangu hapo walimu wengi wa kaskazini hawajui mshahara wa uhakika. Rafiki yangu mmoja wa huko, mwalimu wa hesabu, anauza viazi vya kuchemsha mbele ya shule yake mwenyewe. Msaada wa chakula nao uliibwa, hadi Juni 2019 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya ugawaji Sanaa. Riali iliyokuwa 215 kwa dola kabla ya vita, sasa Mukalla unaibeba kwa mfuko.

Ami bado yuko pale, duka limebaki nusu. Nilipokwenda kumwamkia nilikuta vitabu vyote vya risiti za saruji amevifunga kwa kamba ya katani, juu ya kabati. Nikamwambia, "Ami, hivi vichome, vitakuletea balaa." Akasema, "Mwanangu, mkono ulioandika ni wangu. Wakija kuuliza, nitawaonyesha mifuko 100 na mifuko 400." Kamba ameibadilisha mara mbili, inaliwa na panya.

Kuna aliyekuwa Hodeidah au Taiz? Hatujasikia wa huko.