LAMOST au APOGEE: ipi ifaayo kusaka nyota zenye sumaku?

Mlalanje: Wakuu, nataka kusaka nyota za kundi la Ap, zile zenye uga sumaku mkali na kromi, stronti au europi kupita kiasi usoni. Nianze na data za nani?

Kimondo07: LAMOST, ile darubini ya China. Nyuzi 4,000 kwa mkupuo mmoja, kila uzi ukichukua mwanga wa nyota yake, tena kwenye mwanga unaoonekana, ambako nyota hizi zina bonde, yaani mwanga unapungua, karibu na nanomita 520. Hata spektra (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa wimbi) zisizo na upambanuzi mkubwa hulionyesha. Mwaka 2020 Hümmerich, Paunzen na Bernhard walilifuata bonde hilo wakatoka na nyota 1,002.

BintiAnga: Taratibu, Kimondo. Bonde ni dalili tu. APOGEE, mradi wa spektra wa SDSS, hutenganisha urefu wa mawimbi kwa kiwango cha 22,500, LAMOST 1,800 hivi; kikubwa ndicho kinachoonyesha undani zaidi. Halafu inatazama infraredi, mikromita 1.5 hadi 1.7, na utamu wote uko hapo: mpasuko wa Zeeman, yaani mstari wa spektra kugawanyika kwa sababu ya uga sumaku, hukua kwa mraba wa urefu wa wimbi, ilhali mtanuko unaoletwa na mzunguko wa nyota hukua kwa urefu wenyewe tu. Mistari iliyokuwa imegandana inaachana, na nguvu ya uga unaisoma humo humo bila polarimita, kifaa cha kupima mwelekeo wa mtetemo wa mwanga. Chojnowski na wenzake walitangaza 157 za hivyo mwaka 2019.

Kimondo07: 157 kwa 1,002, dada!

BintiAnga: Zangu zina uga uliopimwa. Zako sumaku unaikisia kutoka kwenye kemia.

Mzee Kilimia: Nyote mmesahau upendeleo wa sampuli. Mpasuko huonekana pale nyota inapozunguka polepole na uga ukiwa wa kilogausi kadhaa, yaani maelfu ya gausi, kipimo cha nguvu ya sumaku. Yenye gausi 500 itakupita hivi hivi. Isitoshe, APOGEE ilijengwa kwa ajili ya majitu mekundu, nyota kubwa zilizopoa. Nyota za moto ziliingizwa zaidi ili kuondoa kwenye spektra alama zinazoachwa na angahewa yetu, kwa hiyo nyota hizo 157 zilipatikana kwa bahati. Nawe Mlalanje, usiuamini mstari wa stronti wa nanomita 407.7 peke yake: nyota za Am, kundi jingine lenye kemia isiyo ya kawaida, nazo zinao, ila hazina uga mkali.

Mlalanje: Basi naanza na bonde la 520 kwenye LAMOST, kisha natafuta kipindi cha mzunguko kwenye data za TESS, setilaiti ya NASA inayopima mwangaza wa nyota. Zinazozunguka polepole ndizo nitakazoombea muda wa polarimita?

Mzee Kilimia: Hapo sawa. Ila kabla ya kuomba, angalia kama APOGEE imeshazichukulia spektra.