Juisi "haina sukari iliyoongezwa" imempandisha mama sukari, nimshike nani?

FundiCherehani: Wakuu, mama yangu ana kisukari, huu mwaka wa sita. Jumamosi nilimpitishia boksi la juisi ya embe, lita moja, sh. 3,500. Mbele limeandikwa kwa herufi za kijani zinazoonekana toka barabarani: HAINA SUKARI ILIYOONGEZWA. Akashushia ubwabwa, glasi mbili. Asubuhi kipimo kilisoma 7.1, jioni 15.2!

Ndipo nikaazima miwani yake nikasoma ubavuni: maji, rojo ya embe, juisi ya zabibu iliyokolezwa. Sukari gramu 11 kwa kila mililita 100. Zabibu kwenye juisi ya embe zimefuata nini? Mangi mwenye duka anasema boksi likishafunguliwa si lake tena. Nina haki gani hapa?

NesiMstaafu: Pole kwa mama. Glasi ya mililita 250 ni gramu 27.5, na kijiko cha chai ni kama gramu 4. Zidisha mara mbili: alikunywa vijiko karibu kumi na vinne. Embe tupu nalo lina sukari yake, mwanangu. Na huo ubwabwa usiutoe kwenye kesi.

Mzee_wa_Viwango: Zabibu zimefuata utamu, nini kingine. Mwongozo wa Codex, ule wa viwango vya chakula wa FAO na WHO, unasema huwezi kudai hujaongeza sukari halafu ukatia juisi iliyokolezwa ishike nafasi yake. Mangi mwache, yeye kauza alicholetewa. Waandikie TBS, Shirika la Viwango, usimamizi wa chakula uko kwao tangu 2019 ulipotoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Nakala peleka Tume ya Ushindani: Sheria ya Ushindani ya 2003, kifungu cha 15, inakataza mfanyabiashara kupotosha, hata kufanya jambo linaloelekea kupotosha tu. Kwa hiyo usihangaike kuthibitisha kilichompandisha mama, hoja yako ni yale maandishi. Piga picha mbele, ubavuni, namba ya bechi na tarehe ya kuisha. Risiti unayo?

FundiCherehani: Risiti ya Mangi? Labda ya daftari la mkopo. Boksi nimelifukua kwenye ndoo ya taka, linanuka dagaa ila namba ya bechi inasomeka. Kama watataka na juisi yenyewe, itabidi ninunue nyingine, iliyobaki dada kaimaliza.